Wote kwa Jina la Shemeji

Sura ya Tisa

Inspekta hakukaa kwenye kiti alichosogezewa. Ilikuwa tabia yake kukataa kiti cha mgeni na kwenda kukaa pale anapokaa mshukiwa, na wenzake kituoni walimtania kwamba iko siku atajikuta kizimbani kwa mazoea tu. Safari hii alipita meza ya mwenye karakana, akapita vyuma viwili vya kushikilia ambavyo wagonjwa hujifunzia kutembea, akaenda kukaa kwenye meza ya mpimaji, karibu na dirisha. Kompyuta ya hapo ilikuwa imezimwa tangu mwenye meza alipoambiwa arudi nyumbani.

Karakana ilikuwa ya viungo bandia, na kazi yake kubwa ilikuwa miguu. Ilipangwa kwenye rafu kwa urefu, mingine imevaa viatu, mingine bado, na mmoja wa mtoto ulikuwa umechorwa maua mekundu. Sakafuni kulikuwa na vumbi jeupe la povu gumu lililochongwa, na nyayo za kila aliyepita zilionekana wazi. Inspekta alizitazama kidogo, akaona ni za watu wanaofanya kazi hapo, akaachana nazo.

Mwenye karakana aliitwa Daktari. Hakuwahi kusomea udaktari. Alianza kama seremala, akajifunza kutengeneza miguu ya mbao, baadaye ya plastiki, kisha siku moja akanunua koti jeupe, na koti likamaliza kazi iliyobaki.

"Nilidhani umeshamaliza na sisi," alisema, akiwa bado ameshika mgongo wa kiti kilichokataliwa.

"Imebaki kidogo."

"Jalada si linakwenda kwa mwendesha mashtaka kesho?"

"Kesho. Leo nina maswali."

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Mama mmoja mshonaji, aliyekatwa mguu chini ya goti miaka mingi iliyopita, aliagiza mguu mpya hapa. Alipouvaa, kikombe cha juu, pale kinapoingia kigutu, kilikuwa kipana. Akiwa anashuka ngazi za nyumbani kwake mguu ulibaki nyuma na yeye akaendelea. Alivunjika nyonga ya upande mzima. Sasa alikuwa amelala hospitali na madaktari, wale wa kweli, walikataa kuahidi kwamba atasimama tena. Mwanawe alifungua kesi.

Daktari aliwakabidhi polisi mtu siku ile ile walipofika. Kipimo kilichochongwa kilitoka kwenye folda ya pamoja ya karakana. Faili la mshonaji lilikuwa na kipimo cha zamani badala ya kipya. Na aliyeandika faili hilo mara ya mwisho, kwa mujibu wa kompyuta, alikuwa "shemeji". Shemeji alikuwa mpimaji, mjane wa mdogo wake Daktari. Mle ndani kila mtu alimwita hivyo, mafundi kwa wagonjwa, wakati aliyekuwa na haki ya kumwita shemeji ni mmoja tu. Na huyo mmoja ndiye aliyesimama mbele ya mafundi wote akamwambia, "Kompyuta haina undugu, shemeji. Nenda nyumbani."

Shemeji alikuwa ameshikilia maneno yale yale tangu mwanzo: alipima, akaandika kipimo kipya, akahifadhi, akafunga. Kosa alilotuhumiwa lilikuwa uzembe uliosababisha madhara ya mwili. Akitiwa hatiani, kifungo kilikuwa kinawezekana, na leseni ya upimaji ilikuwa lazima iende. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

"Nimetoka hospitali asubuhi hii," Inspekta alisema.

"Anaendeleaje?"

"Anakumbuka namba."

Daktari hakuelewa, na Inspekta hakumfafanulia. Mshonaji, akiwa amefungwa uzito mguuni, alikuwa amemweleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia yote: "Alinizungushia tepu akataja thelathini na nne. Nilisikia vizuri. Mimi tepu ikitajwa siwezi kuacha kusikiliza, hata kama anayepimwa ni mimi. Mguu wa kwanza waliponitengenezea ilikuwa thelathini na saba. Nikamwambia, kumbe nimekonda. Akaniambia, umekonda mguu tu, kwingine bado." Halafu akaongeza jambo jingine, ambalo Inspekta aliliweka kando kwanza.

Kwa hiyo mpimaji alipima sawa na akataja sawa. Bado angeweza kuandika vibaya. Watu hufanya hivyo kila siku. Lakini faili halikuwa na namba ya kubahatisha. Lilikuwa na thelathini na saba kamili, namba ya zamani, na sehemu nyingine zote za zamani, kana kwamba hakuna aliyeligusa. Mtu anayekosea huacha kosa. Hapa hakukuwa na kosa, kulikuwa na faili la jana.

"Nani mwingine analifikia faili hili?" aliuliza.

"Wote tunalifikia. Ndiyo maana ya folda ya pamoja. Lakini anayeandika vipimo ni yeye."

"Na wewe?"

"Mimi naangalia tu. Karakana ni yangu, lazima niangalie."

"Nusu yako," alisema Inspekta. "Nusu ilikuwa ya marehemu mdogo wako, na sasa ni ya mjane."

Daktari alinyoosha koti lake. "Kama unataka kusema kitu, kiseme."

"Nikiwa nacho nitakisema."

* * *

Chumba cha kuchongea kilikuwa nyuma, na kabla hujakifikia ulisikia sauti mbili, ya mashine na ya Kimya. Kimya alikuwa fundi wa mashine, na jina alilipewa kwa kejeli, maana hata akiwa peke yake na mashine alizungumza. Inspekta alimfuata kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ndiye aliyelichukua faili la mshonaji na kulichonga. Pili, mara ya kwanza alipofika hapa aliambiwa na kila mtu, Kimya mwenyewe akiwemo, kwamba Kimya na Shemeji walikuwa hawaongei.

"Hatukuwa hatuongei," alisema Kimya akizima mashine. "Yeye alikuwa haongei. Mimi nilikuwa naongea. Alinirudishia kazi tatu, afande, akasema sijalainisha kingo. Kingo! Mimi nimelainisha kingo kabla yeye hajaolewa kwenye familia hii. Nikamwambia. Hakujibu. Sasa hapo nani hakuongea?"

"Ulikuwa na hasira naye."

"Mpaka leo. Lakini nikitaka kumkomoa mtu simkomoi kwa mguu wa mtu mwingine."

Jibu lilikuwa zuri, na Inspekta hakuwa na desturi ya kuamini majibu mazuri. Alielekeza kidole kwenye kompyuta iliyoegemea mashine. Ilikuwa Windows ya zamani sana, kioo kimenenepa nyuma, vitufe vimefutika herufi kwa vumbi.

"Kwa nini hamjaibadilisha?"

"Waliotengeneza mashine hii walishafunga duka. Mashine inaelewana na kompyuta hii peke yake. Ukileta mpya, mashine inageuka kabati."

"Fungua faili lolote. Badilisha namba moja, uhifadhi."

"Haikubali."

"Jaribu."

Kimya alijaribu. Kompyuta ilifikiri, ikalia mlio mmoja, ikamwambia kwamba faili hilo ni la kusoma tu. Inspekta akachagua jingine, na jingine. Akakaa mwenyewe akajaribu kutengeneza faili jipya ndani ya folda. Akakataliwa vile vile.

"Tangu lini?"

"Tangu Waya, yule wa kompyuta, alipotengeneza. Aliniwekea mlango wangu mwenyewe wa kuingilia, nione nisiguse. Nilinuna. Leo namshukuru."

Inspekta alisimama akajikung'uta vumbi kwenye sketi. Kimya alikuwa na sababu lakini hakuwa na njia. Alikuja akimshuku huyu, na sasa ilibidi amwache.

* * *

Waya alikuwa mtoto wa dada yake Daktari, mwanamume wa makamo mwenye familia yake, aliyefanya kazi za kompyuta katika ofisi kadhaa na kuja hapa mjomba wake alipomwita. Seva ya karakana aliiweka kwenye kabati lililokuwa la mafagio. Mafagio mawili yalikuwa bado humo.

"Nieleze kama mtu asiyejua," Inspekta alisema, "ila usinidanganye kama mtu asiyejua."

Waya alitabasamu kidogo. Alieleza kwamba karakana ilikuwa na kompyuta tatu zisizofanana: ya Kimya, Windows ya kizee; ya Shemeji, Windows mpya; na ya mjomba wake, Mac, aliyoinunua kwa sababu mteja mmoja mkubwa alikuwa nayo. Seva iliyokuwa kabatini ilitumia Linux. Kila moja ilikuwa na namna yake ya kubisha hodi na namna yake ya kuandika mafaili. Seva ilikaa katikati kama mkalimani, ikazifanya zote zione folda moja.

"Kila anayebisha hodi anataja jina lake?"

Waya alivua miwani akaifuta na shati. Miwani haikuwa chafu.

"Mwanzoni, ndiyo."

"Na sasa?"

"Kompyuta ya Kimya haielewi nywila za siku hizi, ilikuwa inagoma kila asubuhi. Ya mjomba nayo ikihifadhi faili, Shemeji akilitaka anaambiwa si lake. Akihifadhi Shemeji, mjomba anaambiwa si lake. Kila mmoja ananipigia kelele. Nikafanya folda iwe wazi, mtu asiulizwe nywila. Na ili faili lisiwe la huyu wala la yule, kila anayeingia seva inamhesabu kuwa mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Nilichukua jina lililokuwa halina matatizo."

"Jina gani, Waya?"

"Shemeji."

Kabatini feni ndogo ilikuwa inazunguka. Inspekta alitoa simu yake mfukoni.

"Mimi nikiingia sasa hivi na simu yangu?"

"Utakuwa Shemeji."

"Wewe?"

"Shemeji."

"Mjomba wako?"

Waya alivaa miwani. "Afande, humu wote ni Shemeji."

Inspekta angecheka kama lingekuwa jambo la kuchekesha. Mwanamke mmoja alikuwa amefukuzwa kazi na mwingine alikuwa amelala hospitali, na ushahidi wote uliokuwa kwenye jalada ulikuwa jina ambalo mtu alilichagua kwa kuwa lilikuwa halimsumbui. Inspekta alihisi hasira, na kwa sababu sehemu ya hasira ilikuwa juu yake mwenyewe, aliimeza.

"Nilikuja hapa mara ya kwanza, nikakuuliza."

"Uliniuliza jina lililo kwenye faili ni la nani. Nikasema la Shemeji. Ni lake."

"Ulijua ninachotafuta."

"Nilijua." Alitazama mafagio. "Mjomba ndiye aliyenileta hapa. Nilingoja mtu aniulize vizuri zaidi. Ni aibu, najua."

"Sasa nakuuliza vizuri zaidi. Jina halinisaidii tena. Nipe kitu kingine kinachoonyesha nani aliandika."

Waya alifikiri, kisha akavuta kibodi. "Kila aina ya kompyuta ikiingia kwenye folda ya watu huacha takataka zake. Watumiaji hawazioni kwa sababu zimefichwa. Mimi huzifuta nikikumbuka." Aliandika amri fupi, na orodha ya mafaili ya wagonjwa ikaongezeka urefu mbele ya macho yao. "Hiki ni cha Windows, kinahifadhi picha ndogo ndogo. Hakina maana kwako, kinaachwa hata na mtu anayechungulia tu. Hiki nacho ni cha Mac, pia cha kuchungulia."

"Na hiki?"

Kando ya faili la mshonaji kulikuwa na kijifaili kidogo sana, jina lile lile, limetanguliwa na nukta.

Waya alisogeza uso karibu na kioo. "Hicho pia ni cha Mac," alisema. "Lakini hicho hakiachwi na anayechungulia. Kinaachwa Mac ikiandika."

"Kiliandikwa lini?"

"Siku aliyopimwa mshonaji. Pamoja na faili lenyewe, jioni."

"Humu ndani kuna Mac ngapi?"

Waya aligeuka akatazama ukumbini, ambako mjomba wake alikuwa amesimama kati ya vyuma viwili vya mazoezi, mikono nyuma, akijifanya anakagua soli ya kiatu.

"Moja," alisema. "Mwenyewe unamwona."

Inspekta hakuinuka. Kujua chombo ni hatua moja, kujua mkono ni nyingine, na kujua kwa nini ni ya tatu. Kama mzee alikusudia kumwondoa mjane, angehitaji kujua kipimo kipya kimeandikwa na kukirudisha cha zamani kwa makusudi. Hakuonekana mtu wa kujua namba yoyote iliyokuwa kwenye faili lolote.

"Mtu akiwa amelifungua faili," aliuliza, "mwingine akalifungua pia, seva inawaacha tu?"

"Haipaswi. Kuna kufuli. Wa kwanza akifungua, wa pili anaambiwa faili linatumika, asubiri. Kompyuta zikiwa za aina tofauti, kufuli ndiyo kitu cha kwanza cha kuhakikisha kinafanya kazi. Niliiweka. Ilifanya kazi vizuri."

"Ikawaje?"

"Ikamzuia mjomba." Waya alishusha sauti. "Alikuta faili limefunguliwa na Shemeji. Akaja hapa mlangoni, akaniuliza, mimi nazuiwa na nani kwenye karakana yangu? Nikamweleza faida yake. Akasema toa. Nikaitoa."

* * *

Inspekta alimpigia simu Shemeji mwenyewe. Alifika akiwa amevaa gauni la nyumbani na kitenge begani, akasimama mlangoni kama mgeni, mpaka Kimya aliposema kwa sauti, "Ingia basi, au unangoja zulia?" Lilikuwa neno la kwanza kati yao baada ya muda mrefu. Shemeji aliingia.

"Shikamoo, shemeji," alimwambia Daktari.

"Marahaba," alijibu Daktari, akitazama rafu.

Inspekta aliwapanga kama anavyopanga watu kwenye gwaride la utambulisho. Waya kabatini. Kimya kwenye mashine yake. Shemeji kwenye meza yake karibu na dirisha. Daktari ofisini kwake, mlango wa kioo ukiwa wazi. Waya alitengeneza nakala ya faili la mshonaji lenye kipimo cha zamani, akaiita jaribio.

"Daktari," alisema Inspekta, "sasa ni asubuhi. Umefika kazini. Fanya unavyofanya kila siku. Usiongeze, usipunguze."

"Hii ni michezo."

"Basi cheza."

Daktari alikaa. Alifungua faili moja la mgonjwa, la pili, la tatu, yote yaliyokuwa kwenye kazi, na jaribio likiwa kati yao. Kila mguu ulipotokea kwenye kioo aliuzungusha kwa kidole, akautazama kwa mbele, kwa nyuma, kwa chini. Hapo, kwa muda mfupi, aliacha kuwa mwenye koti na akawa fundi. Ilionekana anaipenda kazi yake. Kisha akauacha mguu pale ulipo akaenda kwa mwingine. Hakufunga hata mmoja.

"Huyafungi?"

"Nayaacha. Nikipita nataka niyaone."

"Sasa ni mchana. Shemeji, fungua jaribio. Badilisha kama ulivyobadilisha siku ile."

Shemeji alifungua. Hakuna kilichomzuia, hakuna kilichomwambia kwamba faili limeshikwa na mwingine. Aliandika thelathini na nne, akarekebisha vipimo vilivyofuatana nayo, akahifadhi, akafunga. Alipomaliza aliweka mikono mapajani.

"Kimya, soma."

"Thelathini na nne," Kimya alipaza sauti kutoka nyuma. "Na kazi safi, sina budi kusema."

"Daktari, sasa ni jioni. Funga, uende nyumbani."

Daktari alianza kufunga madirisha ya kompyuta, moja baada ya jingine. Kila alipofunga, kisanduku kilitokea na swali, na kila kilipotokea alibonyeza ndiyo. Alibonyeza kabla hakijamaliza kutokea. Alikuwa anatazama funguo za gari mezani.

"Kinakuuliza nini hicho?"

"Kama nihifadhi."

"Na wewe unasema ndiyo."

"Niliwahi kusema hapana, nikapoteza kazi ya wiki nzima. Tangu siku hiyo nasema ndiyo." Alizima kompyuta. "Haya. Nimeandika namba gani hapo? Umeniona nikiandika namba?"

"Sikukuona," alisema Inspekta. "Kimya, soma tena."

Nyuma kulikuwa kimya. Watu waliomfahamu fundi yule waligeuka kutazama mlango, maana hawakuwa wamezoea.

"Kimya."

"Thelathini na saba," alisema.

Daktari aliinuka, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mashine, akasoma kioo. Akarudi akasoma kwa Shemeji. Akasimama katikati ya ukumbi.

"Sikubadilisha kitu," alisema. "Niliangalia tu."

"Uliugeuza, mjomba," Waya alisema kutoka kabatini, kwa upole. "Programu inahesabu kuugeuza kuwa ni mabadiliko, ndiyo maana inauliza. Ukisema ndiyo, inaandika faili lote kama lilivyokuwa kwako asubuhi. Alichoandika Shemeji mchana hukuwa nacho, kwa hiyo kinafutika. Kufuli ilikuwa kwa ajili hiyo."

"Na jina?"

"Jina linaandikwa Shemeji. Hata ukiwa wewe."

Inspekta alimwacha alielewe. Hakuwa na haraka tena. Alimwomba Waya arudishe mambo yanavyotakiwa kuwa: kila mtu na jina lake na nywila yake, kikundi kimoja kwenye seva chenye haki juu ya folda ili faili la mmoja lisimkatae mwingine, Kimya abaki na mlango wake wa kusoma usio na nywila, na kufuli irudi. Waya aliandika kwa muda, akaiwasha seva upya, akawaingiza wote upya. Haikuwa kazi kubwa. Hilo ndilo lililomuudhi Inspekta kuliko yote.

"Rudieni," alisema.

Daktari alikaa akafungua jaribio. Safari hii hakuuzungusha mguu. Shemeji naye akalifungua, na kwenye kioo chake kikatokea kisanduku.

"Soma kwa sauti," Inspekta alimwambia.

"Faili hili linatumika na daktari," alisoma Shemeji. "Subiri."

Shemeji alikisoma tena, polepole, bila sauti, kisha akaanza kulia bila kuficha uso, kama mtu aliyekuwa amengoja ruhusa. Kimya alimletea kitambaa cha kufutia mashine, akakiangalia, akakirudisha mfukoni, akaenda kutafuta kisafi.

Daktari alitoka ofisini. "Inspekta, unaona mwenyewe. Hakuna mtu aliyekusudia. Andika kuwa ni mtambo. Mtambo ulikuwa umepangwa vibaya, na umeshapangwa vizuri."

"Mtambo ndio uliosababisha mguu uwe mpana," alisema Inspekta. "Hilo nitaliandika. Lakini siku ya kuchukua mguu Shemeji alikuwa kwenye kliniki ya nje. Aliyemvalisha mshonaji ni wewe." Hili ndilo alilokuwa ameliweka kando tangu asubuhi. "Alikwambia mguu unacheza. Mtambo haukumjibu kwamba atauzoea. Wewe ndiye uliyemjibu."

Daktari alitazama kidole chake, kile cha kuzungushia miguu. Aliweka mkono kwenye mfuko wa koti akatoa tepu ya kupimia, ile aliyomnyang'anya Shemeji siku ya kumrudisha nyumbani, na ambayo inaonekana alikuwa akitembea nayo tangu siku hiyo. Alimpa kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema. "Nilikukosea mbele za watu."

"Ulinikosea." Shemeji aliipokea, akaikunja vizuri maana ilikuwa imekunjwa ovyo. "Lakini mimi nipo wima. Yeye hajasimama. Nyonga ikipona atahitaji kikombe kingine, na kigutu chake kitakuwa kimepungua zaidi kwa kulala. Lazima apimwe."

"Nenda kampime."

"Tutakwenda wote. Mimi nitapima. Wewe utamweleza."

"Nitamwambia nini?"

"Hicho si kipimo, shemeji. Siwezi kukuchukulia."

Inspekta alirudi kwenye kiti cha mpimaji, akatoa karatasi ya maelezo ya mshukiwa aliyokuwa ameijaza nusu tangu siku ya kwanza. Alimsogezea Daktari kile kiti cha mgeni, akamwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema lolote na atakalolisema laweza kutumiwa mahakamani.

"Jina kamili," alisema.

"Daktari," alijibu mzee kwa mazoea, kisha akajisahihisha. Alitaja jina alilopewa na wazazi wake, jina la mtoto wa seremala, ambalo hata mpwa wake alikuwa hajalisikia kwa miaka mingi. Inspekta alilikata kwa mstari jina la Shemeji, akaliandika hilo juu yake.